Nani Anakohoa Hapa

Nilianza kazi ya kuchagua kahawa katika miaka ya vita, baada ya mume wangu, aliyekuwa khalasi wa meli, kuniletea talaka kwa barua, na kaka yangu aliyekuwa akitulisha kuchukuliwa jeshini. Tulibaki mimi na mama katika chumba kimoja mtaa wa Kuze, Mji wa Kale. Mama alikuwa ameanza kupoteza macho. Alikuwa akipapasa ukuta kwenda uani, na mtu akiingia hunyamaza kwanza mpaka asikie sauti, ndipo amjue ni nani.

Wanawake wa Mji wa Kale hawakuwa wakienda kuchagua kahawa. Ile ilikuwa kazi ya waliotoka bara na ng'ambo ya Likoni, na ya wanawake wasio na mtu. Dadake mama, mama mkubwa, alipopata habari alikuja mchana kweupe akasimama mlangoni bila kuvua buibui.

"Mtoto uliyemsomesha chuoni mpaka akahitimu Kurani, leo aende akakae chini na makuli?"

"Basi tuletee wewe chakula," mama akamwambia.

Mama mkubwa akageuka akaenda zake. Chakula hakuleta. Jumatatu yake nikatoka alfajiri, nimejifunika uso kuliko kawaida yangu, nikashika njia ya Mbaraki, kwenye maghala.

Ghala lilikuwa la Mhindi Mwislamu mwenye duka la nguo mjini. Sisi tulimwita Tajiri. Lilikuwa jengo refu la mabati lenye milango miwili, mmoja wa kupakilia upande wa barabara, na mwingine mdogo nyuma, ambao daima ulifungwa kwa komeo. Wanawake tulikaa chini kwa safu, kila mmoja na uteo wake, ungo mdogo, mapajani, tukitenga buni nzima na zilizovunjika, tukitoa nyeusi na mawe. Vumbi la kahawa lilikuwa likielea ndani ya ghala kutwa nzima. Jioni ukipenga kamasi, kitambaa huwa cheusi.

Nyapara alikuwa mwanamume mrefu mwenye bakora. Sikuwahi kumwona akimpiga mtu. Aliiburuta tu sakafuni nyuma ya migongo yetu, na ule mburuto ukitufikia, vidole vilikwenda mbio vyenyewe.

Kazi ile ilikuwa na adabu zake, na hakuna aliyekufundisha. Ulijifunza kwa kukosea. Siku ya kwanza nilikaa mahali palipokuwa wazi, na safu nzima ikaacha kazi kunitazama mpaka nikainuka. Pale palikuwa pa mwanamke aliyekuwa katika arobaini ya uzazi, wakimhifadhia. Mwenzako akiwa mgonjwa au ana mawazo, ulichota buni zako safi ukazimimina katika rundo lake bila kusema neno, naye hakukushukuru. Habari za waume hazikuulizwa. Anayelia aliachwa alie, ila aliyekuwa karibu naye alimfunika kwa bega nyapara asimwone.

Mwanamke aliyenionyesha mahali pa kukaa alikuwa Mdigo wa Likoni, rika langu, mjane asiye na mtoto, akimlisha mama yake. Alikuwa na mikono mikubwa na kicheko cha chini chini, kama mtu anayecheka ndani ya mtungi. Mimi nilimwita shoga naye akaniita shoga, na katika muda wote tulioshirikiana sikumbuki kama tulitajana majina zaidi ya mara mbili.

Wiki ya pili nikapata mafua. Sikujua kwamba kukohoa katika ghala lile ni jambo zito. Tajiri alikuwa amefiwa na mkewe kwa kifua kikuu, na tangu hapo alikuwa hawezi kuvumilia kikohozi. Alikuwa ametoa amri kwamba anayekohoa atolewe siku hiyohiyo wala asirudi. Nilipokohoa mara ya kwanza bakora ilinyamaza nyuma yetu.

"Nani anakohoa hapa?" nyapara akauliza.

Kabla sijafungua kinywa shoga yangu akakohoa. Halafu wa upande wake wa pili, halafu bibi mmoja wa mwisho wa safu, na mara safu yote ikawa inakohoa, wengine kwa nguvu hasa mpaka machozi yakawatoka. Nyapara akaitazama safu mwanzo mpaka mwisho.

"Vumbi," akasema, akaendelea na safari yake.

Hakuna aliyecheka. Shoga yangu hakunitazama hata jicho. Aliendelea kuchagua kahawa yake.

Miezi mingi ikapita hivyo. Nilizoea. Mikono yangu ikawa myepesi, na watu wa Kuze wakachoka kunisema.

Kisha ikaja mbarika. Ni zile mbegu zenye madoa ambazo mafuta yake tulinyweshwa utotoni kwa kusafisha tumbo. Ilisemwa kwamba wakati huo yalitakiwa kwa mitambo ya vita, na Tajiri akaanza kununua na kuzihifadhi mle mle ghalani, magunia kwa magunia, yakisubiri meli. Mbegu zenyewe hazikuwa na neno. Lakini magunia yalikuwa mabovu na mengine yalikuwa yametiwa makapi, na wapagazi walipoyabwaga chini ilitoka unga laini wa kijivu.

Siku ya tatu shoga yangu alianza kupiga chafya. Siku ya tano macho yake yalivimba, na mikononi na shingoni akatoka mabaka yaliyoinuka kama ameumwa na nyuki. Wiki ya pili kifua kikaanza kulia. Ulikuwa mlio mwembamba, nyuma ya kila pumzi. Nilikuwa nikiusikia hata katikati ya makelele ya ghala.

Kwao walisema ana jini. Alifukizwa, akavikwa hirizi. Mimi niliona jambo jingine. Jumapili tulikuwa hatufanyi kazi, na Jumapili moja nilivuka nikaenda kumtembelea. Nilimkuta anatwanga mahindi, anapumua kama mimi, anacheka. Jumatatu asubuhi tulikutana Feri kwenye gati, akashuka mzima. Tukatembea pamoja mpaka ghalani, na hata saa haikwisha alikuwa ameshika sakafu kwa mikono miwili, mabega yamepanda masikioni, anaitafuta pumzi.

"Ni kitu cha humu," nikamwambia mchana. "Ni yale magunia. Kwenu huna neno."

"Najua," akasema. "Wadhani sijui? Hata ukipita karibu na mlango uso wangu huwasha."

"Basi tafuta kazi nyingine."

"Wapi, shoga? Nikafue nguo za wazungu? Nimekwenda milango yote mpaka nimechoka. Nitazoea. Wengine mbona wazima?"

Kweli wengine tulikuwa wazima, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Tungeugua sote, pengine Tajiri angeogopa. Siku hizi nawasikia madaktari wakisema mzio, kwamba kitu kinaweza kumdhuru mtu mmoja na jirani yake kisimguse. Wakati ule hatukuwa na neno hilo. Alikwenda hospitalini, dresa, yule msaidizi wa daktari, akamsikiliza kifua akamwambia ana pumu, ajiepushe na vumbi. Aliniletea habari hiyo kama mtu aliyeambiwa ajiepushe na jua.

Kwa hiyo tukakohoa. Kila akishikwa, safu nzima ilishikwa naye. Tulikohoa asubuhi, tukakohoa mchana, koo zikakwaruza kwelikweli. Nyapara alijua. Hakuwa mjinga, lakini alikuwa ameamua kutojua.

Tatizo ni kwamba aliondoka. Alipata kazi bandarini, akatuaga kwa kutikisa bakora yake mlangoni. Siku ileile Tajiri akaniita kwenye meza ya karani wake.

Alikuwa mzee mwembamba, mwenye sauti ya upole. Alinipa karatasi na kalamu. "Andika majina ya safu yako," akaniambia.

Nikaandika kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofundishwa chuoni. Aliyasoma moja moja, kidole kikifuata mstari, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Wewe utakuwa nyapara wa wanawake. Utapata kiti. Utapata na mchele kila mwisho wa wiki, kwa ajili ya mama yako. Nimesikia ni mgonjwa." Halafu akaweka kalamu chini. "Ila jambo moja. Yule mtu aliyepita alinificha wagonjwa. Mimi nimezika mke, nina watoto nyumbani. Anayekohoa, uniambie."

Nikasema nitamjibu kesho. Jioni nikamweleza shoga yangu njiani tukielekea Feri, na nikamwambia nitakataa.

"Usikatae," akasema. Alikuwa akitembea polepole, anasimama kila hatua kadhaa. "Atamtafuta mwingine, na huyo mwingine hanijui. Heri uwe wewe."

"Na akiniuliza?"

"Hatakuuliza. Chukua, shoga. Mamako apate wali."

Nikachukua. Jambo la kwanza nililofanya ni kumwondoa katikati ya ghala na kumweka safu ya mlangoni, mlango wa barabara, apate upepo. Majuma mawili hivi alipata nafuu, nami nikaamini kwamba nilikuwa nimefanya la akili. Mama alikula wali, akaniombea dua. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, leso ya shoga yangu ikiwa chini yake isishike vumbi, nikiwatazama wenzangu utosini, na ingawa sikupenda, mgongo wangu ulikuwa umeacha kuuma.

Kisha meli ikachelewa. Mbarika ikazidi kuja na nafasi ikajaa, na wapagazi wakaanza kupanga magunia pale pale mlangoni, ili meli ikifika yasibebwe mbali. Nilipomrudisha shoga yangu katikati, upepo ukawa unapita juu ya magunia na kumletea vumbi lote huko alikokaa. Hapakuwa na upande wa kumweka.

Nilikwenda kwa Tajiri. Nikamwambia magunia yale yana vumbi linalodhuru watu, nikamwomba tufungue mlango wa nyuma, au yahamishiwe banda la nje.

"Mbarika?" akasema. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Hii ni dawa, mama. Wanangu hunywa. Nje itanyeshewa. Na ule mlango wa nyuma, nikiufungua, nusu ya kahawa yangu itatorokea huko." Halafu akauliza, polepole, "Imemdhuru nani?"

"Nasema tu, bwana."

"Nani?"

"Hakuna, bwana."

Nilirudi kwenye kiti changu nikijua nimeamsha kitu kilichokuwa kimelala.

Alikuja mwenyewe Jumatatu iliyofuata. Wala hakutoa sauti. Tulimwona tu amesimama mwanzo wa safu, kanzu yake nyeupe, mikono nyuma. Shoga yangu alikuwa tayari ameshikwa vibaya. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Akajizuia kadiri alivyoweza, kisha akakohoa, na kikohozi kilipoanza hakikukoma.

Safu ikakohoa. Ikakohoa safu ya pili, na ya tatu, ambazo hazikuwa zetu. Ghala zima likawa linakohoa, wanawake karibu wote, wakitazama teo zao. Sijapata kuona kitu kama kile tena. Tajiri alirudi nyuma hatua moja, kitambaa kinywani, na niliona ameogopa. Halafu akanitazama mimi.

"Nyapara," akasema. "Nani anakohoa hapa?"

Nimeikumbuka dakika ile mara nyingi, na kila mara najitahidi kuieleza kama ilivyokuwa. Nilimtazama shoga yangu. Nilimwona anakufa. Nilijiambia kwamba akibaki mahali hapa hata mwezi hataumaliza, na akitoka atapona, kwa sababu kila Jumapili alikuwa anapona. Hilo ni kweli, nililifikiri. Lakini pia niliufikiri mchele. Nilimfikiri mama akipapasa ukuta. Nilifikiri kwamba nikinyamaza, kiti hiki jioni kitakuwa cha mtu mwingine. Mawazo hayo yalikuja pamoja, yameshikana, na mpaka leo siwezi kusema ni lipi lililouinua mkono wangu.

Niliuinua. Nikamwonyesha.

Kikohozi kikakatika ghala zima. Kilichobaki ni cha kwake peke yake. Aliweka uteo chini taratibu, buni zisimwagike, akainuka kwa kushika bega la jirani yake. Alipofika kwangu akasimama kupumua. Nilitaka kumwambia kwamba ni kwa ajili yake. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Leso yangu iko chini ya kiti chako," akasema.

Nikainama nikampa. Akajitanda, akatoka.

Kuanzia siku ile sikupata salamu ya mtu. Walinitii, maana walilazimika. Nilipopita nyuma yao walinyamaza. Jambo lililonikata zaidi ni kwamba waliacha na yale yao. Hakuna aliyemchotea mwenzake kahawa tena, labda kwa kuhofu jicho langu. Binti mmoja mpya alikohoa, na wa pembeni yake akasogea mbali naye.

Nilijipa moyo kwamba shoga yangu yuko nyumbani, anapumua. Jumapili mbili nilikwenda mpaka Feri na kurudi bila kuvuka. Ya tatu nilimkuta mwanamke wa kwao akiuza mihogo pale gatini, nikamuuliza habari zake.

"Hukusikia?" akasema. "Tumemzika Alhamisi."

Alinieleza huku akihesabu mihogo ya mteja. Maghala yote ya kahawa yalikuwa yamepata habari kwamba ametolewa kwa kikohozi, na hakuna lililompokea. Mahali pekee palipochukua watu bila kuuliza ni huko Kibarani, kwa mtu aliyekuwa akinunua magunia matupu, akayakung'uta na kuyashona upya kwa kuuza. Shoga yangu alikuwa akikung'uta magunia. Yalikuwa ya kila aina, ya sukari, ya kahawa, ya mbarika. Alifanya kazi siku tisa. Siku ya kumi alianguka pale pale juu ya rundo, na wenzake walipomgeuza alikuwa amekwisha.

Nilivuka hivyo hivyo nilivyokuwa. Mama yake alikuwa amekaa ndani na wanawake wa ukoo, mwanamke mdogo wa umbo, amejifunika kaniki. Nilimpa mkono wa pole. Alipojua natoka ghalani alinishika, hakuniachia.

"Wewe ndiwe shogake wa Kuze. Alikuwa akikutaja. Kaa hapa karibu yangu."

Nikakaa. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Niambie, mwanangu. Ni nani aliyemtaja kwa yule Mhindi?"

Kumbe marehemu hakumwambia.

"Nyapara," nikasema.

Akainua mikono. Alimwomba Mungu amnyime nyapara yule raha, amnyime watoto, pumzi zake za mwisho zimtoke kwa taabu kama zilivyomtoka mwanawe. Wanawake wote wakaitikia amina. Mkono wake mmoja ulikuwa umerudi juu ya goti langu. Nami nikaitikia amina.

Jumatatu nilikwenda kazini. Watu huniuliza kwa nini. Nilikwenda kwa sababu mama alikuwa anakula. Mwezi haukutimia, karani wa Tajiri, aliyekuwa akikagua magunia kwa ajili ya ile meli, alivimba uso mzima, macho yakazibika, akapelekwa nyumbani kwa gari. Tajiri akaita wapagazi. Siku ileile mbarika yote ikahamishiwa banda la nje na kufunikwa turubai, na mlango wa nyuma ukafunguliwa. Upepo wa bahari uliingia, ukapita safu zote. Tulikuwa tumekaa pale, kila mmoja na uteo wake, vidole vikiendelea kuchagua.

Niliandika majina ya siku hiyo kama kawaida, nikampelekea Tajiri karatasi na kumwambia kwamba sitarudi.

"Kuna aliyekukosea?" akauliza. Alisikitika kwa dhati. Akanipa mchele wa wiki ile, nami nikaupokea.

Nilifika nyumbani mchana, saa ambayo mama hakunizoea. Alisikia mlango, akanyamaza akisubiri sauti. Nilikaa kizingitini muda mrefu kabla sijasema ni mimi. Nilipomwambia nimeacha kazi hakunilaumu. Aliuliza tu sasa nitashika njia gani. Baadaye nilianza kufundisha watoto wa kike wa mtaani kusoma na kuandika, pale pale chumbani, wazazi wakileta walichonacho, na kazi hiyo ndiyo niliyozeekea. Sikuichagua kwa mapenzi. Ilikuwa kazi ambayo ndani yake hakuna atakayeniuliza jina la mtu mwingine.

Kwa mama wa shoga yangu nilikuwa nikienda kila Idi, na kanga na sukari, mpaka alipofariki. Alikuwa akiniita mwanangu. Mara mbili au tatu nilivuka nikiwa nimeazimia kumwambia nyapara yule alikuwa nani, nikamkuta anasubiri mlangoni, amekwisha tandika mkeka, na nikazungumza mengine.